Steji ya milimani pale Alpe d'Huez: usishuke kabla gari la ufagio, lile la mwisho kabisa, halijapita

Kwa yeyote anayewaza kwenda kuona Tour de France, yale mashindano ya baiskeli ya Ufaransa, kwa macho yake na siyo kwenye runinga, ushauri wangu wa kwanza ni huu, chagua mlima. Usianze na mji mzuri wala usianze na siku ya mwisho, anza na mlima halafu hayo mengine yafuate. Kwenye steji (mbio za siku moja) ya tambarare vijana karibu mia na themanini wanakupita wakiwa kundi moja, spidi kilomita 45 mpaka 50 kwa saa, yaani nusu dakika tu imeisha, umesimama juani siku nzima na hukumtambua hata mmoja. Mlimani kundi linakatika, anakuja mmoja, wanakuja wawili, wanakuja watano, mpaka wa kwanza na wa mwisho wanaachana zaidi ya nusu saa, na kila mmoja unamwona sura yake, unamsikia anavyohema, unaona chumvi ya jasho ilivyokaukia kwenye jezi. Na kusimama barabarani ni bure, hakuna tiketi.

Mimi nilienda Alpe d'Huez, mlima wa Ufaransa kwenye safu ya Alps, mwaka 2022, steji ya 12, na ilikuwa tarehe 14 Julai ambayo ni sikukuu ya taifa ya Ufaransa, kwa hiyo watu walikuwa mara mbili ya kawaida. Steji yenyewe ilikuwa kilomita 165 na ilianzia Briançon, wakapanda Galibier ambao kilele chake ni mita 2,642 toka usawa wa bahari, wakashuka, wakapanda Croix de Fer mita 2,067 ambao kuupanda tu ni kilomita 29, wakashuka tena bondeni, ndiyo wakaanza Alpe d'Huez yenyewe, kilomita 13.8 kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 8.1. Milima yote mitatu iko kwenye daraja la juu kabisa, lile wanaloliita nje ya madaraja kwa sababu ugumu wake umezidi daraja la kwanza. Njia ile ile ndiyo waliyopita mwaka 1986, siku Bernard Hinault na Greg LeMond wa timu moja walipomaliza wameshikana mikono huku wenyewe kwa wenyewe wakigombea jezi ya njano, ile ya anayeongoza mashindano yote. Kwa hiyo mtu anayependa baiskeli akiiona ratiba kama hiyo halali.

Sasa tuongee maandalizi maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Njia ya Tour hutangazwa mwezi wa Oktoba mwaka mmoja kabla, na siku hiyo hiyo inapotangazwa watu wanaanza kubuku. Sikutanii, ukija kutafuta chumba mwezi wa tano unakuta karibu na mlima hakuna kitu, na kilichobaki bei yake haina uhusiano na ubora wake. Sisi (nilikuwa na binamu yangu anayeishi Ulaya) tulipata chumba Grenoble, mji mkubwa ulio karibu, kama kilomita hamsini kutoka mlimani, na ilitubidi tuongeze sehemu kwenye kambi ya mahema kule chini Bourg d'Oisans kwa usiku wa kuamkia steji. Ile hema ndiyo iliyotuokoa. Wale waliosema watatoka Grenoble asubuhi na gari la kukodi walikwama bondeni, barabara imefungwa, wameishia kuangalia mlima kwa mbali. Kwa hiyo lipia vyumba vinavyokubali kughairi bure, buku mapema kabisa, halafu visa uishughulikie ukiwa tayari na karatasi za malazi mkononi. Visa ya Schengen unaweza kuomba hadi miezi sita kabla ya safari, na wanataka bima ya safari ya euro 30,000 kwenda juu. Julai ni msimu wa watalii, nafasi za kuonana na ubalozi zinajaa, usisubiri mpaka Juni.

Kingine kuhusu gharama, pesa nyingi hazikuishia kwenye tiketi ya ndege kama watu wanavyodhani. Ziliishia kwenye malazi ya mara mbili, chumba tulichokilipia bila kukilalia na hema tuliyolalia. Pangeni hilo kabisa kwenye bajeti na msiumie moyo, ndiyo bei ya kuwa mlimani alfajiri.

Alfajiri tukaanza kupanda kwa miguu. Kuna watu wanapanda na baiskeli na inaruhusiwa kwa muda fulani, ila askari wa jandarmu ndio wanaoamua saa ngapi baiskeli zisimame, na wakisema shuka unashuka ukokote. Mwenye kempa (gari la kulala) yeye alishafika siku kadhaa kabla na kapanga viti vyake pembeni ya barabara kama yuko nyumbani. Kwa mtembea kwa miguu hakuna anayekuzuia mapema hivyo, ila lazima ujue unachokiingia, kwa sababu zile kilomita mbili za mwanzo ndiyo ngumu kuliko zote, mwinuko unafika asilimia kumi, na hapo bado misuli haijaamka. Tulitembea kwa muda wa karibu saa tatu. Huo mlima una kona 21 na zimepewa namba kwa kurudi nyuma, ya chini kabisa ni 21 na ya juu ni 1, na kila kona ina kibao chenye jina la mshindi wa zamani. Ile ya kwanza kutoka chini ina jina la Fausto Coppi aliyeshinda pale mwaka 1952, mara ya kwanza kabisa Tour kufika Alpe d'Huez. Nilikuwa nasoma kila kibao. Binamu alikuwa ananihimiza tutachelewa lakini mimi ningepitaje jina la Coppi bila kusimama?

Kona ya 7 ni ya Waholanzi. Kati ya steji 14 za mwanzo kumalizikia Alpe d'Huez wao walishinda 8, akina Zoetemelk, Kuiper, Winnen, Rooks na Theunisse, na tangu hapo kona ile imekuwa yao, kuanzia asubuhi ni rangi ya chungwa tupu, muziki mkubwa, bia na moshi wa rangi. Ni sehemu ya kupita, uone, ufurahi, uendelee na safari. Ukiwa na watoto au unataka kweli kuona mashindano usisimame pale, watu wamebanana mpaka barabara inabaki upana wa baiskeli moja na huoni kinachokuja mpaka kimefika. Sisi tukapita mpaka juu kidogo ya kijiji cha Huez. Hapo barabara iko wazi, unaona kona mbili chini yako, kwa hiyo mtu anayekuja unamwona mara tatu, kwanza chini kabisa kama nukta, halafu akikata kona, halafu yuko mbele yako. Tafuta sehemu ya namna hiyo. Wengi wanakimbilia mstari wa kumalizia na pale kuna vizuizi vya chuma, huoni kitu zaidi ya migongo ya watu na skrini kubwa.

Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Steji ilianza Briançon mchana, mshindi alifika juu karibu saa kumi na mbili jioni, na sisi tulikuwa tumeshakaa mahali petu tangu asubuhi. Jua lilikuwa kali ajabu. Watu wakisikia milima ya Alps wanabeba makoti, na koti lazima ubebe kweli maana jioni au mvua ikija baridi yake si mchezo, lakini jua la Julai kwenye mwinuko ule linachoma kuliko unavyodhani kwa sababu hakuna mti, ni mwamba na lami. Mchana binamu yangu akaanza kuwa kimya, nikamwangalia midomo imekauka, akasema kichwa kinamzunguka. Niliogopa sana, kwa sababu barabara imefungwa, gari la wagonjwa likija linakuja taratibu katikati ya watu, na uko ugenini. Familia moja ya Kiholanzi iliyokuwa jirani ikamweka chini ya turubai lao, wakamlowesha shingo, wakampa maji yenye chumvichumvi na sukari anywe kidogo kidogo, na baada ya muda akarudi kuwa sawa. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo, maji kila mtu lita nne au zaidi, jaza chupa ukipita kijijini, kofia pana, mwavuli hata kama unaona aibu, na kitu chenye chumvi cha kula. Na jitambulishe kwa jirani zako mapema. Pale mlimani watu wanasaidiana mno, ila uwe umeshasalimia.

Simu usiitegemee. Netiweki ilikufa kabisa ile saa ambayo ungeihitaji, maelfu ya watu wako kwenye mlima mmoja na kila mtu anataka kujua nani anaongoza. Jirani zetu walikuwa na redio ndogo ya betri na ndiyo ikawa chanzo cha habari cha watu kama thelathini, mmoja anasikia Kifaransa anamtafsiria mwingine Kiholanzi, naye anatuambia kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyojua kwamba Tom Pidcock, kijana wa miaka 22, amewatoroka wenzake kwenye mteremko wa Galibier, na kwamba aliyekuwa naye kwenye kule kuwafukuza walioko mbele ni Chris Froome.

Kabla ya mashindano kuna msafara wa matangazo, magari yamepambwa, wanarusha kofia, biskuti, viroba vidogo vya zawadi, na unapita kama saa mbili hivi kabla ya waendesha baiskeli. Watoto wanaupenda sana na ndio hatari yake, zawadi ikianguka katikati ya barabara mtoto anakimbilia na gari jingine liko nyuma. Mshike mkono wa mtoto, ndiyo hivyo tu.

Halafu unasikia helikopta. Hiyo ndiyo saa yako, weka kila kitu chini. Helikopta za runinga zinapanda pamoja na wanaoongoza, kwa hiyo zikianza kuzunguka chini ya bonde unajua wameanza kupanda, na kuanzia hapo wa kwanza anahitaji kama dakika arobaini kufika kileleni. Zinakuja pikipiki za polisi, linakuja gari jekundu la mkurugenzi wa mashindano, watu wanarudi nyuma nusu hatua, na kelele inapanda mlima kabla ya mtu mwenyewe. Pidcock alitupita peke yake, anapanda kama kilomita ishirini kwa saa mahali ambapo mimi asubuhi nilikuwa nasimama kupumua kila baada ya dakika chache. Akafuata Louis Meintjes wa Afrika Kusini. Na wa tatu alikuwa Froome.

Hapa mnivumilie kidogo. Kwa sisi wa huku Froome ni hadithi ya pekee. Kazaliwa Nairobi mwaka 1985, baiskeli kafundishwa na mwendesha baiskeli wa Kenya David Kinjah, kaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne mwaka 2006 kabla hajahamia leseni ya Uingereza, halafu akaja kuchukua Tour mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwezi wa Juni 2019 alianguka wakati wa kukagua njia kwenye mashindano mengine, akavunjika paja, kiwiko na mbavu, na miaka iliyofuata alikuwa anamaliza nyuma kabisa, watu wakimwambia astaafu. Siku ile pale Alpe d'Huez alikuwa wa tatu, mdomo wazi, mabega yanacheza, na mimi na binamu tukapiga kelele kwa Kiswahili, "Twende kaka, twende, usilegee!" na machozi yakanitoka hapo hapo barabarani. Sijui kama alisikia. Kwa umri wake na kwa ule mguu uliounganishwa, nafasi ya tatu siku ile niliithamini kuliko jezi zake zote za njano.

Kama dakika tatu baada ya Pidcock wakaja wakubwa wa jezi ya njano, Jonas Vingegaard aliyeipata jana yake tu pale Col du Granon, Tadej Pogačar aliyenyang'anywa, na Geraint Thomas aliyewahi kushinda mlimani hapo hapo mwaka 2018. Wamebaki wachache, wanaangaliana, kila Pogačar akiinuka kwenye kiti Vingegaard yuko kwenye gurudumu lake. Unaona vizuri kabisa kitu ambacho kwenye runinga ni vigumu kukielewa, kwamba wale hawapambani na mlima kwa wakati ule, wanapambana na mtu aliye sentimita chache mbele yao.

Na jezi ya njano ilipopita tu, watu wakaanza kuondoka.

Hiki ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Nusu ya watu wakafunga viti, wakaingia barabarani, wakaanza kushuka, na steji ilikuwa haijafika hata nusu! Karibu waendesha baiskeli mia moja na zaidi walikuwa bado chini yetu, wako kwenye lami ile ile, na sasa wanapanda kwa kupishana na watu wenye mabegi, majagi ya bia na mbwa. Askari wanapuliza filimbi, watu hawasikii. Niliumia sana.

Maana kule nyuma ndiko kuna mashindano mengine ambayo watu hawayajui. Kila steji ina muda wa mwisho. Unakokotolewa kwa asilimia juu ya muda wa mshindi, na asilimia hiyo inategemea ugumu wa steji na spidi ya wastani ya mshindi. Tuseme mshindi katumia saa tano na asilimia iliyopangwa ni kumi na tano, basi una dakika 45 tu nyuma yake, ukizidi hapo umetolewa kwenye Tour, hata kama ulishinda steji juzi, isipokuwa waamuzi wakuhurumie. Sasa wale wanaoshinda tambarare, wenye miili mikubwa na nguvu ya kukimbia mwishoni, mlima unawaua, uzito wao ni uzito wa kuubeba juu. Mwaka 2018 Mark Cavendish na Marcel Kittel walitolewa kwa muda pale La Rosière, na kesho yake kwenye steji ya Alpe d'Huez akina Greipel, Gaviria na Groenewegen nao wakajitoa. Mabingwa wa spidi, siku mbili wameisha.

Ili kuokoka wanajikusanya. Kundi hilo wanaliita grupeto, au basi, na ndani yake mambo ya timu yanawekwa pembeni. Wazee wa kazi wanapiga hesabu kichwani, tumepoteza kiasi gani kwenye mlima wa kwanza, turudishe kiasi gani kwenye mteremko, bondeni tupokezane upepo. Wanapanda kwa mwendo mmoja usiobadilika, kwa sababu anayejaribu kwenda kasi kuliko uwezo wake anakatika, na aliyekatika peke yake kule nyuma hana wa kumkinga upepo, ndiyo safari imeisha. Walipotufikia walikuwa zaidi ya nusu saa nyuma ya Pidcock. Barabara sasa ilikuwa kimya upande wetu, tumebaki wachache, na ndipo niliposikia minyororo ya baiskeli, pumzi, mtu anakohoa. Nikamwona mmoja anampa chupa mwenzake wa timu pinzani bila kumwangalia usoni. Nikamwona mwingine kijana mdogo, macho hayaoni, na wenzake wawili wa timu wako mbele yake na mmoja anageuka kila baada ya hatua chache kumwangalia kama yupo. Tuliwapigia makofi wote mpaka viganja vikauma, na nakwambia ukweli, mmoja wao aliinua kidole kutushukuru, na yule wa kwanza wala wa pili wala wa tatu hakuwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Siku chache baadaye, kwenye Tour hiyo hiyo, Fabio Jakobsen aliyeshinda steji ya pili alifika kileleni Peyragudes amebakiza sekunde chache tu kabla ya muda kuisha, wenzake wa timu wanamsubiri mstarini wanapiga kelele kama kashinda ubingwa. Niliangalia ile video nikaelewa kila kitu kwa sababu ya zile dakika nilizokaa Huez nikiwasubiri wa mwisho. Halafu ukaja mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea akashinda steji tatu, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda steji ya Tour, na akabeba jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, mpaka mwisho kule Nice. Watu walisherehekea zile steji tatu na mimi nilisherehekea, lakini nilikuwa najua jezi ile ya kijani aliitafuta kwenye grupeto pia, alikuwa ameanguka na kuumia wiki ya mwisho halafu akapanda Alps akiwa na vidonda vile, kila jioni ndani ya muda. Asingemaliza ile milima jezi ingevaliwa na mwingine. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot, naye wa Eritrea, alivaa jezi ya madoa mekundu ya wapanda milima na tukaona Mwafrika anatambuliwa kwa kupanda, Girmay akatuonyesha upande mwingine wa mlima, wa kuuvumilia.

Gari la ufagio ndilo linalofunga. Zamani lilikuwa linafungwa ufagio kweli, kazi yake kumbeba aliyeshindwa kuendelea. Likipita hilo na askari wake ndiyo steji imeisha mahali pako. Mpaka lipite, kaa.

Kuhusu kukaa pembeni ya barabara nina machache ambayo sitayapunguza. Usikimbie pamoja nao. Usisimame katikati kupiga picha eti utaruka dakika ya mwisho, kwa sababu mwaka 1999 mlimani hapo hapo Giuseppe Guerini alikuwa anaongoza karibu na mwisho, mshabiki akasimama mbele yake na kamera, wakagongana, akaanguka, akainuka akashinda, ila alikuwa na bahati. Vincenzo Nibali mwaka 2018 hakuwa na bahati, alianguka katikati ya umati na moshi, pingili ya mgongo ikapasuka na Tour yake ikaishia pale Alpe d'Huez. Usimsukume mtu mgongoni ukidhani unamsaidia, anaweza kupigwa faini yeye. Moshi wa rangi achana nao kabisa, mtu anavuta hewa kwa nguvu zote na wewe unampa sumu. Maji usimwagie asiyeomba, baridi ya ghafla kifuani siyo zawadi. Selfi geuka upige nao wakiwa wamepita.

Kushuka sasa. Baada ya gari la ufagio barabara haifunguliwi hapo hapo kwa magari, na ikifunguliwa foleni ya kempa inakwenda kwa mwendo wa konokono mpaka usiku, wenye magari walituambia kesho yake walifika bondeni usiku wa manane. Sisi tulishuka kwa miguu, magoti yanalia kuliko wakati wa kupanda, ndiyo maana nashauri fimbo za kutembelea hata kama uko fiti. Shuka upande mmoja, usitanue, kwa sababu baadhi ya waendesha baiskeli wa kawaida wanashuka kwa kasi ile ile waliyoiona mchana na hawana breki wala ujuzi wa Pidcock. Taa ndogo ya kichwani beba, hata kama Julai jua linachelewa kuzama mpaka saa tatu usiku na ushee, maana bondeni giza linawahi. Usipange basi wala treni ya jioni hiyo. Lala chini Bourg d'Oisans, uondoke asubuhi.

Kuna dada kadhaa wameniuliza kama Tour ya wanawake ina hadhi hiyo hiyo mlimani. Agosti 2024 Tour de France ya wanawake iliishia Alpe d'Huez, Demi Vollering akashinda steji, na Kasia Niewiadoma akabaki na jezi ya njano kwa sekunde 4 tu, pengo dogo kuliko yote katika historia ya Tour. Nendeni. Vyumba ni rahisi kidogo kupata na kusimama karibu ni rahisi zaidi.

Na kwa wanaopanga 2026, ratiba imeweka Alpe d'Huez siku mbili mfululizo, steji ya 19 na ya 20, ila msikosee, ya 19 ndiyo inapita zile kona 21, wakati ya 20 inaanzia Bourg d'Oisans, inapita Croix de Fer na Galibier, halafu inaingia Alpe d'Huez kwa upande wa nyuma kupitia Sarenne. Ukisimama kona ya 7 siku ya pili utasubiri bure. Mimi nikijaliwa kurudi nitasimama Croix de Fer siku hiyo ya steji ya 20, kwa sababu ni mlima wa mwanzo na wale wakubwa wa jezi ya njano watakuwa bado wanapimana, lakini grupeto itakuwa tayari imeshajiunga na kuanza hesabu zake, na pale ndipo nataka kuwa.